Ngoma ya Mlangoni

Wajukuu wangu wanarekodi albamu ya nyimbo za Mungu nyumbani kwangu. Leo wameweka ngoma karibu na jiko ikaze, na harufu ya ngozi ya mbuzi ikanirudisha utotoni.

Baba aligeuza bendi yetu ya harusi iwe ya nyimbo za Mungu: santuri nzima ingesimulia habari za Nuhu.

"Baba watoto, nani atacheza densi ya gharika?" mama akamcheka.

Baba hangerekodi kanisa likikataa, kwa hivyo tulienda kuwaimbia waumini kwanza. Mzee wa kanisa akasema, "Hiyo ngoma imezoea pombe. Ibaki nje."

"Basi na mpigaji abaki," baba akajibu. Mpigaji nilikuwa mimi.

Nilipiga mlangoni mpaka mvua ikanyesha, ngozi ikalegea, na ndani wimbo ukapotea njia. Mzee mwenyewe akatoka mbio, akabeba ngoma ndani. Mimi nikamfuata, nimelowa.