Duka la Dawa Pekee Mtaani

Mpaka leo, mwanangu, nikimwona mtu anakunjua futi ile ndefu ya kupimia viwanja, uso huniwaka moto. Siku niliyoishika mie ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na duka la dawa pale mtaani kwetu Temeke lilikuwa moja tu, langu. Kanuni ya wakati ule ilitaka pawe na umbali maalumu baina ya duka la dawa na jingine, na vibali vya kata navyo vilikuwa na idadi yake. Aliyewahi, kawahi.

Kanuni ile sikuitunga mie. Lakini nilijua kuikalia.

Ukiwa peke yako, uvivu huingia taratibu wala haupigi hodi. Mwanzo nilikuwa nafungua alfajiri, watu wakienda kazini wananikuta. Baadaye ikawa saa mbili, kisha saa nne. Mtu akitaka dawa ya kikohozi nami sina, namwambia, "Njoo Alhamisi." Mama akiniuliza dawa hii inanywewaje, namjibu, "Si imeandikwa hapo?" na huku najua kusoma hajui. Naona haya kukwambia hayo, ila mficha uchi hazai. Wateja walininung'unikia pembeni, mbele yangu wakacheka, kwa kuwa kesho watanihitaji. Wangekwenda wapi?

Ndipo akaja Sista Yudita. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, muuguzi aliyestaafu, amepanga nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikuwa na vyeti vyake vyote na alitaka kufungua duka la dawa kwenye fremu, chumba cha biashara kilichokuwa mwanzo wa mtaa. Kabla hajapeleka maombi alikuja kwangu kistaarabu, na chane ya ndizi mkononi.

"Bi Rehema," akaniambia, "sitaki tuje tukwazane. Watu wa hapa ni wengi, wagonjwa hawaishi. Tutagawana."

Nikapokea ndizi, nikamchekea. Alipotoka nikajitanda khanga nikaenda ofisi ya vibali kumwambia Bwana Komba, yule ofisa, kwamba kuna mtu anataka kufungua karibu yangu kinyume cha kanuni.

Basi Jumatatu hiyo Bwana Komba akaja na futi. Ncha moja niliishika mwenyewe, hapo kizingitini kwangu, naye akatembea na nyingine. Tukaipitisha mbele ya mama ntilie, mbele ya fundi baiskeli, mtaa mzima unatutazama. Tulipofika kwenye fremu ya Sista Yudita, umbali ulipungua hatua kumi na moja.

Bwana Komba akajikuna kichwa. Hakufurahi hata kidogo. "Sista, ni hatua kumi na moja tu, naona. Lakini nikikuachia wewe kumi na moja, wa kesho atataka ishirini. Kanuni siwezi kuikunja."

"Nimeelewa, baba," akasema Sista Yudita. Akazirudisha karatasi zake kwenye bahasha, moja moja, akaenda zake.

Mie nilisimama pale kama niliyeshinda ligi. Mzee Kondo, jirani yetu aliyekuwa na kikohozi cha siku nyingi, akanisogelea. "Hongera, Bi Rehema. Sasa tufungulie basi. Hii saa nne na nusu."

Watu wakacheka. Nikamchukia mzee wa watu bure.

Wiki chache baadaye mdogo wangu akaolewa Bagamoyo. Nikafunga duka siku tatu. Geti la chuma, makufuli mawili, funguo zote mkobani, nikaondoka. Hata karatasi ya kuwaarifu watu sikubandika. Nyumbani nilimwacha mume wangu, Baba Salma, pamoja na mama yake, Bi Tatu, ambaye alikuwa na pumu ya siku nyingi. Vidonge vyake nilikuwa namletea mwenyewe kutoka dukani. Lakini kwa pilikapilika za sare na mapambo ya harusi, sikuangalia kopo lake limebaki na nini. Waliosema mfinyanzi hulia gaeni walinisema mie.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, jirani alichoma takataka, moshi ukaingia ndani. Kifua cha mama kikabana. Baba Salma akafungua kopo, tupu. Akakimbilia dukani na kukutana na makufuli yale yale waliyokuwa wakikutana nayo wenzake kila siku. Duka jingine lilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, mbali, na mama hakuwa mtu wa kuachwa. Akamkimbilia Sista Yudita.

Sista alikuja na kandambili zake. Akamkalisha mama wima, akamlegeza nguo, akamsemesha pole pole asipaparike. Kisha akamwambia Baba Salma, "Hapa mikono yangu imefika mwisho. Ningekuwa na dawa ningeshampa. Kamwite fundi wa mageti, akate kufuli."

Fundi akatafutwa, akaja na msumeno wa chuma. Kufuli la kwanza likakatika, la pili likawa gumu. Baba Salma aliniambia baadaye kwamba midomo ya mama ilikuwa imeanza kugeuka rangi, na kila msumeno ulipokwenda na kurudi aliona kama unamkata yeye. Geti lilipofunguka, Sista Yudita akaingia dukani kwangu kwa mara ya kwanza. Akatafuta kwenye rafu, akapata vidonge, akatoka mbio. Mama akatulia kidogo, wakampakia kwenye pikapu ya jirani mwingine aliyetokea wakati huo, wakampeleka hospitali.

Mie nikarudi kesho yake jioni, hina bado inang'aa mikononi. Naona geti limekatwa! Nikapiga yowe, "Wezi jamani! Wezi!" Mwanangu, hakuna aliyetoka. Mama ntilie aliinua macho, akanitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Nikaingia ndani. Hakuna kilichovurugwa. Juu ya kaunta palikuwa na kipande cha karatasi, mwandiko wa kiuuguzi ulionyooka: "Nimechukua vidonge vya pumu, pakiti moja, kwa ajili ya Bi Tatu. Sikugusa kingine. Samahani kwa kuingia bila ruhusa. Yudita."

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa sakafuni.

Mama ntilie akanieleza walikompeleka. Hospitali nilimkuta mama mkwe ameegemezwa mto, amechoka lakini anapumua. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuwa mwanamke wa makelele. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nasikia ulipima njia kwa futi."

"Ndiyo, mama."

"Na ulipima sawasawa?"

"Sawasawa, mama."

"Basi jana mie nilikuwa kwenye zile hatua kumi na moja."

Nikaanza kulia. Akanishika bega. "Usilie kwa ajili yangu. Mie nina mwana wa kunikatia kufuli. Lia kwa waliosimama pale mlangoni hawana wa kuwakatia."

Hakunitukana wala hakuwahi kulirudia neno lile mpaka anakufa, miaka mingi baadaye. Lakini haipiti wiki bila mie kulisikia.

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa Sista Yudita. Nikamwomba radhi. Alikuwa anapepea jiko, akaniambia bila kuacha kupepea, "Kinyongo sina, Bi Rehema. Kanuni hukuitunga wewe. Ila uliifurahia mno."

Kesho yake tukaongozana kwa Bwana Komba. Akatuona, akashika tama. "Nyie tena?"

"Mie mwenyewe naridhia afungue," nikasema.

"Ridhaa yako haiongezi hatua, dada." Akatueleza kwamba kanuni iliwekwa ili maduka yasirundikane kwenye mtaa mmoja, mitaa mingine ikakosa, na ili dawa ziuzwe na wanaozijua. Nikamwelewa. Nia ilikuwa njema. Ila waliokaa kuitunga hawakufikiria kwamba mtu akibaki peke yake huota mapembe.

Tukarudi kutafuta fremu. Kazi hiyo ilitupotezea siku nne. Kila iliyokuwa wazi ilikuwa fupi ya umbali au imeshalipiwa. Mwisho nikamwendea Mzee Kondo, yule wa kikohozi, aliyekuwa na stoo nyuma ya kona ya msikiti. Nilimwomba huku natazama chini. Akakohoa, akaniacha nisubiri kidogo, haki yake, kisha akasema, "Kwa ajili ya Sista, sawa." Bwana Komba akaja na futi yake, umbali ukatosha. Kata ilikuwa imebakiza kibali kimoja, akakipata yeye.

Nisikudanganye kwamba roho haikuniuma. Miezi ya mwanzo wateja wengi walihamia kwake, nami nilikuwa nikichungulia nani anakata kona. Lakini nikaanza tena kufungua alfajiri. Nikaanza kueleza dawa, polepole, mpaka mtu aelewe. Ijumaa mchana nikiwa nimefunga duka kwa sala, yeye yuko wazi. Jumapili asubuhi akiwa kanisani, mie niko wazi. Mteja akapata pa kwenda, nami nikapata adabu. Mama mkwe alikuwa akinunua vidonge vyake kwa Sista makusudi, anapita mbele ya duka langu na kunipungia mkono.

Sasa sikiliza, mwanangu. Huenda wewe umepata stika ya kuegesha bajaji kwenye kijiwe kisichopokea tena wengine. Huenda kibali cha kisima au cha bucha ni chako peke yako mtaa mzima. Au umekaa nyuma ya dirisha la ofisi, na foleni yote inatazama mkono wako. Usimtukane aliyeweka kikomo. Pengine alikuwa na sababu. Lakini ujue kwamba kikomo kile kimemfungia mtu mlango wa kwenda kwingine, na mlango uliobaki ni wewe. Huyo anayevumilia maneno yako hakupendi, amekosa pa kwenda. Basi mfungulie mapema. Mjibu vizuri. Ukiondoka, mwambie unarudi lini. Na akitokea mwenzio anayetaka kuhudumia naye ana sifa, msogezee nafasi. Ukishindwa kumsogezea, usimshikie futi. Cheo ni dhamana, na kibali nacho ni hivyo hivyo.

Mola akupe riziki isiyomnyima mwingine. Akupe mkono mwepesi wa kufungua na ulimi wa kumpoza mwenye shida. Na siku utakapokuwa wewe mwenye shida, ukute kuna mtu yuko wazi. Amina.