Tulisema nina mgongo, kumbe tulikwenda India kupima mtoto kabla ya mimba

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimejitosa. Sitii chumvi, ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kuliko hii.

Ni mambo ya miaka ya elfu mbili na kidogo, Unguja mjini.

Mke wangu Zuhura ni mtoto wa ami yangu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyewahi kusikia mtoto akililia mifupa yake hahitaji maelezo. Tulimzika kabla hajaanza shule.

Baada ya hapo Zuhura hakutaka hata kusikia habari ya mimba. Mimi pia niliogopa, ila nilijikaza kiume.

Daktari mmoja akatuambia India wanatungisha mimba maabarani, na kabla ya kuirudisha tumboni wanapima kila kiinitete kama kina ugonjwa. Tukajipinda, tukaamua kwenda.

Sasa nyumbani utasemaje? Mtaani kwetu ukipiga chafya, Darajani wanakuombea dua. Wakisikia mtoto na maabara, wataanza kuuliza mtoto wa nani.

Tukasema nina mgongo, nakwenda kutibiwa, mke ananisindikiza.

Huko India viinitete vingine vilikufa vyenyewe, vingine vilikuwa na ugonjwa. Kikabaki kimoja. Kimoja, wakuu! Kimerithi ugonjwa upande mmoja tu, kama sisi wazazi wake, lakini hakitaumwa.

Wakampandikiza Zuhura, wakamwambia asinyanyue kitu kizito mpaka apimwe damu kujua kama mimba imeshika. Tukarudi.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mama yangu mzazi, tunayeishi naye ghorofani, alishanitandikia kitanda. Mgonjwa si mimi? Alishamwita na mkandaji kutoka Chwaka, mzee wa vidole vya chuma na chupa ya mafuta ya nyonyo. Nalazwa kifudifudi, nakandwa mgongo usio na kitu. Mwishowe ukaanza kuniuma kweli.

Na Zuhura je?

Maji yetu yalikuwa hayapandi juu. Mfereji, yaani bomba, uko uani, na ngazi za nyumba za zamani mnazijua, zimesimama wima. Mwenye mgongo habebi ndoo. Akabaki yeye.

Alikuwa akijaza nusu nusu. Mama akaona. "Zuhura mwanangu, maji gani haya, ya kumnawisha paka?"

Nikisikia ndoo inagonga ngazi, roho inaniruka. Nimelala pale napakwa mafuta, kile kimoja chetu kinapanda na kushuka na ndoo. Niliogopa kusema, niliogopa kunyamaza.

Asubuhi moja mkandaji yuko mgongoni kwangu, nikasikia ndoo inabiringika na Zuhura anapiga ukelele.

Niliruka, mzee wa watu nikamwangusha. Nikashuka mbio na kikoi, mafuta yananitiririka. Zuhura ameketi ngazini, amelowa, ameshika tumbo, analia. Ilianguka ndoo tu, yeye hakuteleza, lakini anaogopa hata kujisogeza.

Nikampa mkono asimame, akaniambia hawezi. Nikaokota ndoo, nikaijaza tele, nikapanda nayo. Mama yuko juu.

"Weye! Na huo mgongo?"

"Sina mgongo, mama."

Nikamweleza yote pale pale. Akashuka taratibu, akakaa karibu na Zuhura. Mama alizika watoto wawili kabla ya kunizaa mimi. Sisi tulikua tukiambiwa walipigwa na upepo, yaani jini.

Akauliza, "Kwa hivyo wale wanangu, si upepo?"

"Si upepo, mama. Ni damu. Yako na ya marehemu baba, na mie nshairithi."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akaniambia, "Kajaze nyengine. Huyu hashuki tena."

Jirani alipokuja kunijulia hali akanikuta mferejini naosha ndoo, akashangaa. Mama akamjibu bila kupepesa, "Mgongo umemhamia mkewe."

Mpaka siku ya kupima damu hatukulala usingizi wa maana, mama wala sisi. Mimba ilikuwa imeshika.

Nilichojifunza: pimeni damu kabla ya kuoana, hasa sisi tunaooana ndugu. Na uongo mkiupanga, angalieni kwanza nani atabeba ndoo.

Waliopitia haya, mliwaambia nini wazee wenu? Nawasoma.

Binti yetu anaitwa Rahma. Jina kalichagua mama. Ndilo la mwanawe wa kwanza, yule wa upepo.