Tajiri wa Barafu na Bwana Samaki

Mjukuu wangu, kuna mchana mmoja wa kijijini kwetu Mbwera ambao mpaka leo haujanitoka. Nilikuwa nimeolewa si zamani, mimba ya baba yako tumboni, na nikamwona mavyaa wangu, Bi Zena, mama wa mume wangu, akiwaketisha kwenye mkeka mmoja watu wawili waliokuwa hawasalimiani. Nakuandikia habari hiyo kwa sababu juzi nilikusikia pale stendi ya Kibiti ukibishana na wenzako, huyu anasema umaskini utaondolewa na serikali, yule anasema na wafanyabiashara. Mlipiga kelele kama wauza mitumba. Mimi shule niliiacha mapema, lakini njaa naijua kwa sura, basi nisikilize.

Zamani kamba wetu wa mtoni tuliwakausha, tusipowahi wakaoza. Ndipo akaja Salumu na boti yake ya mashine, imejaa masanduku ya barafu. Tulimwita Tajiri. Boti yake ikisikika mtoni, wanawake tulikimbia tukicheka. Alinunua papo hapo, hela mkononi. Nyumba zikaanza kuezekwa bati, watoto wakaenda shule na viatu miguuni. Kwa hilo simsemi vibaya. Kabla yake hakuna ofisi iliyotuletea hata kipande cha barafu.

Ila boti ya Tajiri haikuwa na kushiba. Kamba wakubwa walipopungua akasema, leteni hata wadogo. Watu wakaacha nyavu za macho makubwa, wakaburuta vyandarua, mpaka vitoto vya kamba vilivyo kama punje za mchele vikazolewa.

Hapo serikali ikamleta bwana samaki, afisa wake wa uvuvi, kijana wa miwani. Akasimama dikoni, pale vyombo vinaposhushia samaki, akatangaza kwamba msimu umefungwa, asionekane mtu na wavu wa kamba mpaka wazaliane. Tajiri naye alikuwapo. Akacheka.

"Haya, fungeni. Mimi nawasha mashine na huku sirudi. Mtakula hiyo miwani yake!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakaingiwa na hofu. Wakakubaliana bwana samaki asipewe pa kulala wala maji ya kunywa, mpaka aondoke mwenyewe. Naye kila akija alikuwa akifikia kwa mavyaa wangu.

Bi Zena hakubishana na mtu. Alinituma jikoni, akawaita wote wawili chakula cha mchana. Sinia la wali, na bakuli la mchuzi wa vile vitoto vya kamba. Tajiri akachota, akatafuna, akatema magamba.

"Bi Zena, mchuzi huu una nini? Mbona nyama siioni?"

"Una mzigo wako, Tajiri. Ndio huo unaotuambia tukuletee. Kula, mfadhili wetu."

Bwana samaki akatabasamu. Hakujua kwamba zamu yake inakuja.

"Na wewe usinichekee, baba. Umefunga msimu, vema. Sasa huyu mkamwana wangu, na tumbo lake hilo, atakula tangazo? Wewe unajua kukataza tu. Ukirudi kwenu mshahara unakungoja. Sisi anatungoja nani?"

"Mama, serikali haifanyi biashara ya kamba," akasema pole pole.

"Nani kakwambia uifanye? Wanunuzi wamejaa Ikwiriri, wamejaa Dar. Sisi tunamjua huyu mmoja, ndiyo maana anatutisha. Kaa wako tele mikokoni, hawataki barafu, wanafika wazima. Kamlete anayewataka! Ofisi umepewa ya nini?"

Tajiri akanawa mikono, akaondoka bila kuaga. Boti ikaunguruma ikapotea.

Miezi ile ilikuwa mizito, sikufichi. Mavyaa wangu akasimangwa kisimani: "Kamfukuza Tajiri wetu, basi atulishe yeye." Tulikula mihogo na mboga za kuchuma, tumbo linakua na mimi nakonda. Siku moja mume wangu akaninong'oneza kwamba atakwenda kuburuta chandarua alfajiri, nani atamwona. Bi Zena akamsikia. Akakichukua chandarua kile, akakitundika juu ya kitanda changu.

"Hiki cha mbu," akasema. "Mjukuu wangu anakuja."

Bwana samaki, aliyeondoka baada ya mlo ule, tulikwisha kumkatia tamaa. Basi akarudi, na nyuma yake boti nyingine, na ndani yake mwanamke wa Ikwiriri mwenye sauti nene, mnunuzi wa kaa. Serikali haikununua hata kaa mmoja, mwanangu, lishike hilo. Ilimwonyesha mnunuzi njia, na bwana samaki akasimama pale kuangalia mizani isipunje mtu. Wanawake tukaingia mikokoni na kulabu, matope mapajani, tukarudi na kaa tumewafunga magando kwa ukindu. Baba yako alizaliwa nyumba ina unga na sukari.

Msimu ulipofunguliwa, kamba walitoka wanene. Tajiri Salumu naye akarudi na barafu yake, anachekacheka kana kwamba hakusema kitu. Akakuta boti ya mnunuzi mwenzake imeshafungwa dikoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, ndiye aliyetuuliza: "Leo mnauzaje, mama zangu?"

Kwa hiyo usimpigie makofi mmoja ukamtukana mwingine. Mfanyabiashara mwache alete mashine na soko, na faida aipate, si haramu. Lakini usimwachie mto na bei peke yake, maana mto ukikauka yeye anahamia kwingine na wewe unabaki. Serikali idai kazi yake: ilinde mto, ikague mizani, ifungue njia wanunuzi waje wengi. Ikikukataza jambo, iulize kwa adabu, nikale wapi? Uulize tena mpaka ijibu. Na wewe mwenyewe uwe na kitu mkononi cha kuuza, na usikiuze kwa woga.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali. Akupe ulimi wa kusema mbele ya mwenye pesa na mbele ya mwenye cheo bila kutetemeka, na nyumba yako isikose mgeni wala cha kumkirimu. Amin, mjukuu wangu.