Alama Nilizomnyima Kaimu Meneja

Nimefanya kazi ya maji taka kwa miaka ishirini na minne. Nilianza kwa kuchomoa matambara na chupa kwenye vyuma pale maji yanapoingia, kisha nikawa msoma vipimo, na sasa nasimamia maabara ya vyumba viwili katika mtambo ulio chini ya mji wa Nakuru, upande wa ziwani. Shule niliiacha kidato cha pili. Ninachojua kuhusu tope nilikipata vitabuni, hasa katika mwongozo mmoja mnene, fotokopi, nilioununua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu. Niliusoma mwaka mzima na kamusi kando. Kurasa mbili hazikuwamo. Niligundua siku ile ile, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu, na nikaandika kwa penseli ndani ya jalada: hazipo, tafuta.

Sikuzitafuta. Nilisoma ukurasa uliotangulia na uliofuata, nikakisia kilichokuwa katikati, na baada ya miaka kadhaa nikasahau kwamba nilikisia.

Jiji lilipoamua kwamba tope lisizikwe tena bali ligeuzwe mbolea ya miti na nyasi za ng'ombe, mimi ndiye niliyeelekeza namna ya kupima. Tope hukaushwa, huchanganywa na maranda kutoka kwa maseremala, kisha hulazwa marundo marefu. Rundo hujipasha moto lenyewe. Likipata joto la kutosha kwa siku za kutosha, mayai ya minyoo yaliyomo hufa, na mbolea inaweza kwenda kwa wakulima wa Njoro na Bahati. Nilikuwa nikichoma kipimajoto kirefu cha chuma katikati ya rundo kila asubuhi, naandika, na siku zikitimia naweka sahihi.

Mradi ulihitaji meneja. Kabla hajapatikana, aliwekwa kaimu: mama mmoja wa miaka arobaini hivi, mwenye diploma ya kilimo, ambaye awali aliandikisha malori ya kunyonya vyoo langoni. Alikaimu miaka miwili. Katika muda huo alipata wanunuzi, alipata maranda ya bure, na aliwatafutia wageuzaji wa marundo buti na glavu zisizovuja. Saa nne alikaa nao chini ya bati, wakanywa chai ya chupa moja. Kila mtu alimwita meneja, na yeye kila mara alijibu, "Kaimu, jameni. Msiniletee balaa." Tangazo la kazi lilipotoka lilidai digrii, au uzoefu unaolingana nayo. Asipoipata angerudi langoni kuandikisha malori, chini ya mtu mgeni ambaye angelazimika kumfundisha.

Miezi kadhaa kabla ya mahojiano aliingia maabara akiwa na miche midogo kiganjani, mizizi bado ina tope.

"Mzee, cheki hizi."

"Ni nyanya," nikasema.

"Najua ni nyanya. Zimetoka rundo la tatu, pembeni. Na jana uliandika liko tayari."

"Liko tayari. Nimelipima."

"Ulipima wapi?"

"Katikati."

"Basi katikati inatudanganya." Aliiweka miche mezani, juu ya daftari langu. "Watu wanakula nyanya, mbegu zinapita tumboni, zinafika hapa. Sasa kama mbegu ya nyanya haijakufa huko pembeni, yai la minyoo limekufa aje?"

Nilimwambia huenda wageuzaji walitupa masalia ya chakula.

Akacheka. "Hawa watu wangu wanakula nyanya ngapi, mzee? Wangekuwa wekundu."

Alitoka bado anacheka, bila ubaya wowote. Mimi nilibaki na miche mezani. Ukweli ni kwamba nyanya zile nilikuwa nimeziona tangu mwaka wa kwanza wa mradi. Kila tulipotarajia wageni niliagiza zing'olewe, nikisema ni usafi. Siku ile nilizitupa kwenye debe la taka, nikapangusa daftari, na kesho yake nikapima katikati kama kawaida. Yeye hakunisubiri. Aliwaagiza wageuzaji wawe wanageuza mara nyingi zaidi, na kila wakigeuza watupe ndani kile kilichokuwa nje. Nyanya zikapungua. Sikumuuliza kwa nini, maana nilijua.

Kamati ya kuajiri ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti kutoka ofisi ya wafanyakazi, mhandisi aliyealikwa kutoka nje, na mimi. Niliambiwa niandike maswali ya ufundi pamoja na majibu ya mfano, na wenzangu wakakubaliana kwamba kwa maswali hayo watafuata alama zangu. Sitaficha kwamba nilifurahi. Niliandika maswali yale kwa jioni tatu, nikayapiga chapa, nikachora jedwali la alama. Hakuna aliyeniuliza digrii yangu iko wapi.

Swali la nne lilikuwa hili: rundo linakuwa tayari lini? Jibu langu la mfano: joto la nyuzi hamsini na tano, siku kumi na tano, likipimwa katikati ya rundo.

Kaimu alikuja amevaa suti ya buluu na viatu vya ngozi. Nilikuwa sijawahi kumwona bila buti za mpira. Maswali matatu ya kwanza aliyajibu vizuri na nikampa alama zake. Nilipomsomea la nne aliitazama mikono yake.

"Nyuzi hamsini na tano, siku kumi na tano," akasema. "Hiyo ni sawa, lakini haitoshi. Rundo halina joto moja. Ndani linachemka, nje ni baridi, na nje kuna tope jingi kuliko mtu anavyodhani. Kwa hivyo unageuza, angalau mara tano, ya nje iingie ndani. Na unapima sehemu nyingi, hasa pembeni. Pembeni pakiwa sawa ndipo unasema rundo liko tayari. Nimeona mahali watu wanapima katikati peke yake. Nikipata hii kazi, hicho ndicho kitu cha kwanza nitabadilisha."

Mhandisi aliinua kichwa. "Mahali gani hapo?"

Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu. Angeweza kunyoosha kidole.

"Ni mahali pengi," akasema.

Alinikinga. Nami, wakati bado anasema maneno hayo, nilikuwa nimeshaandika mbili kwenye kisanduku cha swali la nne. Mbili kati ya kumi. Nilijieleza papo hapo, kwa utaratibu, kama ninavyojieleza kila kitu: jibu la mfano lilisema katikati, yeye alisema pembeni, atakayekuja baadaye pia atapimwa kwa jibu lile lile, haki ni kumpima kila mtu kwa kipimo kimoja. Hoja ilikamilika, haikuwa na tundu. Chini yake palikuwa na kitu kimoja tu, kwamba kumpa kumi kungekuwa kukiri kwamba sahihi zangu zote za miaka ile ziliwekwa juu ya nusu ya kazi.

Aliyefuata alikuwa kijana mwenye digrii mbili, mtulivu, mwenye adabu. Swali la nne alilijibu kwa sentensi moja: hamsini na tano, siku kumi na tano, ndani ya rundo. Nikampa kumi. Tulipojumlisha, alikuwa amemshinda yule mama kwa alama tano.

Alikata rufaa. Mwenyekiti aliniita ofisini, barua iko mkononi.

"Anasema swali la nne alilijibu sawasawa na akanyimwa alama. Wewe ndiye mtaalamu wetu, mzee. Ni kweli?"

"Kwa mujibu wa jibu la mfano, hakulijibu."

"Nilitaka hiyo tu," akasema, akaandika mstari mmoja na kupiga muhuri.

Nimeirudia sentensi ile mara nyingi. Hakuna neno ndani yake ambalo si kweli. Niliijenga nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sekunde chache, na iliposimama nilihisi fahari ndogo ya fundi. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo kuliko ile mbili yenyewe.

Hakurudi langoni. Alipata kazi Naivasha, katika shamba la maua, kusimamia mabua na majani yanayogeuzwa mbolea. Siku yake ya mwisho wageuzaji walimnunulia leso na keki, wakala chini ya bati. Niliwasikia wakiimba. Mimi nilikuwa maabara napanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Meneja mpya alianza Jumatatu. Jumatano alikuja kunitazama nikipima.

"Na pembeni huwa mnapima saa ngapi, boss?"

Nikamjibu, "Tutaanza leo."

"Ah, asante. Nilidhani utanibishia. Kwenye intavyu ulitaka ya ndani tu, nikaona nijibu kilichoulizwa."

Nilimtajia mwongozo wangu, na jioni ile akanitumia kwenye simu, toleo zima. Nilizitafuta kurasa zangu mbili. Zilikuwa zinaeleza kugeuza mara tano, kuingiza ya nje ndani, kupima sehemu nyingi pamoja na pembeni. Karibu maneno yale yale ya kaimu. Alikuwa ameyapata kwa kutazama nyanya, na mimi nilikuwa nimeyapuuza kutoka kwake, kisha nikayapokea kwa siku moja kutoka kwa mtu mwenye digrii. Mimi, ambaye nimelalamika maisha yangu yote kwamba watu hawamsikilizi mtu asiye na karatasi.

Nilimpigia kaimu simu, nikaomba kumwona. Jumamosi moja nilikwenda Naivasha. Alinikuta kwenye lango la shamba, amevaa buti, jasho usoni, na hakunikaribisha ndani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kurasa, nyanya, mbili, rufaa. Nilikuwa nimeandika hoja zangu kwenye kikaratasi ili nisiruke kitu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilijua," akasema. "Uliandika kabla sijamaliza. Niliona kalamu."

"Nisamehe."

"Ya rufaa ndiyo sikuijua." Akatazama pembeni, kwenye malori. "Nilidhani hawakukuuliza. Nilikuwa namwambia mume wangu, wangemuuliza yule mzee angesema ukweli, ni mtu wa vipimo."

Nikakikunja kikaratasi, nikakitia mfukoni.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bado."

"Kwa hivyo umesafiri kutoka Nakuru kuniambia mimi kitu mimi najua." Hakupandisha sauti. "Rudi ukaseme kule, mzee. Kwa mwenyekiti, na kwa watu wangu. Huku niko na kazi."

Jumatatu nilimwandikia mwenyekiti ukurasa mmoja, nikaupeleka kwa mkono. Aliusoma akiwa amesimama. "Sasa unataka nifanye nini? Nimfukuze kijana wa watu?" Nikamwambia nataka uwekwe kwenye faili. Akauweka. "Hakuna mtu atafungua hii tena, lakini haya."

Saa nne nilikwenda chini ya bati. Katika miaka yote ya mradi sikuwahi kunywa chai pale. Mimi hunywa maabara, kikombe changu. Walikuwa watu saba. Nilikataa kiti nikawaambia kwamba meneja wao hakushindwa mahojiano, kwamba mimi nilimnyima alama kwa jibu lililokuwa sahihi, na nilipoulizwa nikaficha. Nilisema pia kuhusu nyanya.

Hakuna aliyeshtuka. Mmoja wao, mama mwenye umri unaolingana na wangu, alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

"Hizo nyanya si ulikuwa unatung'olesha kila wageni wakikuja," akasema. "Tulikuwa tunashangaa. Mwingine akasema, mzee wa maabara anajua, kuna dawa anaweka. Tukanyamaza."

"Sikuwa na dawa yoyote," nikasema.

"Sasa tumejua." Akamaliza mkate. "Na yeye atarudi?"

"Hapana. Hiyo nafasi ina mtu."

"Haya."

Walisuuza vikombe, wakavigeuza kwenye sinia, wakavaa glavu. Rundo la tano lilikuwa linangoja kugeuzwa. Yule mama wa mkate alipita karibu nami, akachukua beleshi lake ukutani, akawafuata wenzake bila kuniangalia, na mvuke wa kwanza ukapanda walipolifungua.