Niliwauliza Kuhusu Basi, Mikono Yao Ikafunga Stegi

Admin, naomba ufiche jina langu na usiweke picha yoyote. Kuna wenzangu wa kazi wanaosoma ukurasa huu, na wakinijua nimekwisha.

Nina miaka ishirini na sita. Mimi ni karani wa mkataba katika ofisi moja ya serikali inayopanga usafiri wa umma hapa Nairobi na kaunti jirani. Nilizaliwa Gatwekera, Kibera, na sasa nimepanga chumba Kawangware. Mama alipofariki nililelewa na senje, dada ya baba, ambaye hadi leo anauza chapo na ndengu pale stegi, kituo cha matatu cha kwetu Kibera. Hizo chapo ndizo zilinisomesha hadi chuo. Nayasema haya ili mjue mtu ninayeogopa kumtazama usoni ni nani.

Mkubwa wangu nitamwita Madam. Ndiye aliyeniingiza kazini. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mtu aliyekulia Kibera anajua vitu ambavyo ramani haionyeshi, nami nikasikia vizuri sana moyoni. Mwezi jana akaniambia tunaenda kuchukua maoni ya wananchi kuhusu basi la moja kwa moja kutoka Kibera hadi Kawangware. Sasa hivi safari hiyo ni kubadilisha gari ama kutembea. Binti ya senje hufua nguo za watu Kawangware, na jioni hurudi miguu imevimba. Kwa hivyo sikuhitaji kushawishiwa. Madam alinionyesha mstari wa hilo basi kwenye ramani, na kituo chake karibu kabisa na kwetu.

Nilienda mlango kwa mlango kuwaita watu, kwa sababu wamechoka kuitwa vikao. Fundi mmoja wa viatu akaniuliza mbele ya watu, "Bosi, hii basi iko, ama ni zile za kampeni, kura ikiisha inapata pancha?" Wote wakacheka. Nikamwambia iko, nimeuona mpango kwa macho yangu. Akafunga kazi yake akaja.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Madam alinipa maikrofoni akaninong'oneza, "Uliza wewe, hawa ni watu wako." Nikauliza: nani anataka basi la moja kwa moja hadi Kawangware, lenye kituo hapa hapa kwetu? Mikono yote ikapanda. Senje, aliyekaa mbele, aliinua miwili. Jirani yake akamwambia, "Wewe mama, hizo ni kura mbili." Senje akamjibu, "Moja ni yangu, ingine ni ya hizi magoti." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mpiga picha wa ofisi akapiga picha.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa kamati ya kaunti zote zinazohusika. Kazi yangu ilikuwa kuwasha projekta na kukaa nyuma. Madam akasimama, ile picha ya mikono ikajaa ukutani, akasema wananchi wa Kibera wameunga mkono mpango wote. Mpango aliousoma haukuwa ule wa ramani niliyoonyeshwa; huu sikuwa nimewahi kuusikia. Basi litapita barabara kubwa bila kusimama Kibera, na stegi ya sasa itafungwa kabisa, pamoja na vibanda vyote vilivyo hapo. Senje alikuwa pale ukutani, mkubwa kuliko mlango, mikono juu, anacheka, kana kwamba anafurahia kufukuzwa mahali pake pa kazi. Mjumbe mmoja akasema hajawahi kuona wananchi waelewa namna hii.

Nilimfuata Madam kwenye korido. Nikamwambia, "Madam, hilo silo swali nililouliza."

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Mpango ulikuwa umeshapitishwa kabla hatujaenda Kibera," akasema. "Sheria inataka wananchi wahusishwe. Wamehusishwa."

"Sasa mbona ulinituma mimi?"

"Kwa sababu mimi nisingewapata."

Nimeyarudia hayo maneno kichwani hadi nimechoka. Kumbe sifa zote zile, kwamba najua watu, kwamba watu wananisikia, zilikuwa ni chambo. Kisha akaongeza kwamba Alhamisi kamati inakaa kwa mara ya mwisho kuutia mpango muhuri, kikao cha wazi kwa wananchi, na mimi ndiye nitakayesimama kama kijana wa Kibera kuthibitisha kwamba watu walikubali. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. "Ongea vizuri Alhamisi," akaniambia, "hayo mengine niachie."

Jumapili nikaenda Gatwekera kumwambia senje kila kitu. Nikamkuta na majirani watatu, wanajua tayari kwamba nitaongea, maana tangazo la kikao lililobandikwa kanisani lina jina langu. Wanaamini naenda kuwatetea wapate hilo basi. Mmoja akasema, "Karani wetu, sisi tutakuja tukupigie makofi mpaka hao wakubwa washtuke." Senje akasema siku hiyo hafungui kibanda, anataka kiti cha mbele. Nikaanza, "Senje, huko ofisini mambo si vile..." Akanikatiza. "Kula kwanza. Hiyo ofisi inakukausha." Nikala. Wakaendelea kubishana nani atabaki na watoto. Nikaaga nikaondoka kabla sijawaambia, na sijarudi.

Nikisema ukweli, natoka pale bila kazi, na hakuna anayeniahidi kwamba mpango utabadilika. Nikisema anavyotaka Madam, senje atanisikia kwa masikio yake nikimfungia stegi. Nimewaza hata kujifanya mgonjwa, lakini basi atatafutwa kijana mwingine aseme, na wale kina mama watakuwa wamekaa pale wakingojea nitokee.

Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini tu. Alhamisi nikiitwa nisimame, neno la kwanza kunitoka mdomoni liwe lipi?