Mkono wa Tahiya Kwenye Swichi

Wifi yangu Tahiya hajui kungoja. Chai huinywa ikamuunguza, kisha akailaumu chai. Akienda sokoni Darajani kununua samaki, hurudi na yule wa kwanza aliyemkuta karibu na mlango. Mimi niliyeolewa na kaka yake nimemsema mpaka nimechoka, naye hunijibu keshafika chumba cha pili.

Kazi yake ni kuchapa kadi za harusi nyumbani kwao Mkunazini, kwa kompyuta kuukuu aliyouziwa na fundi Kazim. Ina maradhi yake ile kompyuta: kioo huganda, ukabofya popote kwa kipanya usijibiwe. Kazim alimfundisha dawa ambayo haikuandikwa popote kwenye kompyuta ile: shika Alt, bonyeza F2, andika herufi r, kisha Enter. Sura ya kompyuta huondoka ikarudi upya, na kazi uliyoifungua hubaki palepale. Ila kabla ya kurudi, kioo hubaki cheusi kidogo, na weusi ule Tahiya hauwezi. Mkono wake huwa ushafika kwenye swichi ya ukutani. Kadi ngapi za watu zimepotea hivyo!

Basi, ilikuwa jioni ya kuamkia operesheni ya mama yao, Bi Amne. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alisema wazi kuwa sauti huenda isirudi. Tahiya alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya kuhangaika sana. Akataka mwanawe abembelezwe na bibi yake, walau kwa sauti iliyorekodiwa. Akamkalisha mama mbele ya maikrofoni. Bi Amne akaimba nyimbo zake zote za kulaza watoto, sauti ikikwaruza, akimeza maji kwa tabu. Alipomaliza hakuwa na nguvu ya kurudia hata ubeti mmoja.

Tahiya akaenda kuhifadhi. Kioo kimeganda.

"Mama, imepotea! Nshaipoteza!" Akalia, akizunguka chumba na tumbo lake.

"Wifi, dawa ya Kazim!" nikapiga kelele.

Akabonyeza, akaandika r, akapiga Enter. Kioo kikawa cheusi. Mimi mwenyewe nikatamani nimpige mtu kofi. Na ule mkono wake, huo, ukutani.

"Tahiya," mama akaita.

"Naam, mama."

"Toa mkono hapo. Hata kuzaliwa hukungoja siku zako zitimie. Leo ningoje, mwanangu."

Tahiya akautoa mkono, akaukalia. Nikamwona anauma midomo. Kioo kikawaka, na rekodi ilikuwa hai, haijasimama hata kidogo, ingali inatunasa. Akaihifadhi, kisha akaihifadhi tena.

Bi Amne alipona, alhamdulillahi, lakini sauti ilikwenda moja kwa moja. Siku hizi husema kwa mikono. Mjukuu wake, Maisara, hulala kwa zile nyimbo, na mama mtu bado anaunguzwa na chai.

Ila mtoto akishalala, Tahiya hazimi. Huiacha rekodi iendelee mpaka mwisho, sehemu ambayo hakuna aliyekusudia kuirekodi: kilio chake, kelele zangu za dawa ya Kazim, kisha kimya. Na mama akimwita mle ndani, Tahiya huitika upya, "Naam, mama," akakaa kitako, akangoja aambiwe.