Jeshi la Mwoka Mikate

Mwoka mikate wa mtaa wetu alikuwa na pumu na, kwa maoni yake, alikuwa pia na akili. Pumu ilithibitishwa na daktari.

Kila asubuhi alikung'uta magunia matupu ya unga huku kichwa kimezama ndani, asije akapoteza hata kijiko kimoja, kisha akaibuka mweupe kope na kidevu, kifua kikilia filimbi. Mpwa wake, muuguzi wa zahanati, alimketisha akamweleza taratibu.

"Mjomba, mwili wako unadhani vumbi la unga ni adui. Unaita askari wake, chembe nyeupe za damu. Zinajipenyeza kutoka kwenye mishipa ya damu, zinahamia kwenye mirija ya hewa na kumwaga kemikali zao humo. Mirija inavimba, kamasi inajaa, pumzi inakosa njia. Ukivuta dawa hii asubuhi na jioni, zinatulia."

"Kumbe ni askari wangu?"

"Ndiyo, lakini wanapiga…"

"Basi, nimeelewa!"

Katika maelezo yote hayo, alibeba neno moja tu kwenda nalo nyumbani. Dawa aliitupa juu ya kabati. Badala yake alinunua kwa mchuuzi unga wa mizizi wa kuongeza kinga, akawa anaubugia kwa nidhamu ambayo dawa halali haikupata kuionja.

"Baba watoto, umeambiwa uwatulize, wewe unawalisha?" mkewe aliuliza.

"Una wivu. Wewe huna jeshi."

Asubuhi moja kichwa kiliingia guniani, kikachelewa kutoka. Mkewe alimkuta amepiga magoti, midomo imegeuka rangi, akishindwa kumaliza sentensi, jambo ambalo hakuna mtaani aliyewahi kulishuhudia. Jirani aliwasha gari.

Kule zahanati, mjomba akiwa chini ya barakoa ya oksijeni, mpwa wake alimwinamia.

"Hongera, mjomba. Askari wako wameshinda."

"Wame… mshinda… nani?"

"Wewe."

Tangu siku hiyo anavuta dawa bila kukosa, naye mkewe ndiye anayekanda, kwa sharti kwamba mumewe asikanyage chumba cha unga. Mzee huyo huuza mikate dirishani.

"Jenerali, jeshi halijambo?" wateja humchokoza.

"Nimelipeleka likizo," hujibu kwa heshima zote, kisha husogea kidogo kuelekea mlango wa ndani, apate walau kuchungulia kinyunya kikiumuka.

"Wewe! Rudi dirishani!"

Hurudi.